Sakafu ya Mama Mkwe

Marereni, Malindi
2 Juni 2024

Kwa Mama mkwe Persis,

Nakusalimu nikiwa nimekaa juu ya gunia tupu. Afya yangu ni ya kuamka na kwenda kazini, na hiyo inatosha. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Majani chai yanachumika? Mwanangu Pam anakula?

Uliniandikia wakati wa Pasaka kwamba tangu tumzike mama yake, Pam halali. Analala macho wazi kama mlinzi, na chumba cha nyuma alimofia binti yako Nyamoita hataki hata kukipita. Nimebeba maneno hayo huku kwenye mashamba ya chumvi na sijapata pa kuyaweka. Mtoto wa miaka saba asiyelala ataishia wapi?

Sasa nimepata kitu. Mokua wa Nyansiongo, yule tuliyekamua naye ng'ombe kabla sijaja kumchumbia binti yako, ana mtoto wa mbwa wa kutoa. Nimemwomba amlete kwako kwa katoni siku ya soko. Ni wa Pam. Najua kwenu mbwa halali ndani. Hata kwetu ziwani halali ndani. Lakini huyu ni mdogo sana na mwezi huu Nyacheki ni barafu, na pia mbwa aliye nje hamsaidii mtoto anayeogopa ndani.

Yanayofuata ni magumu. Kuna mambo mkwe hayataji mbele ya mama mkwe, kwenu mnaita chinsoni, na sisi tunayo heshima hiyo hiyo kwa jina lingine. Nikija kwako hata kiti nachagua kile kisichotazama chumba chako. Sasa nikuandikie mambo ya choo cha mbwa? Kwa simu nisingeweza kabisa. Nimeandika, nimechana, nimeandika tena. Nitasema "haja", na wewe usome ukiwa umegeuza uso.

Mtoto wa mbwa hana ubaya, hajui tu. Kule Nyansiongo mwenye shamba alilea mbwa wake ndani ya nyumba na mimi ndiye niliyewafundisha. Akiamka, mtoe. Akimaliza kula, mtoe. Akicheza sana halafu aanze kunusa chini akizunguka, mtoe haraka. Mpitishe mlango ule ule, mpeleke mahali pale pale, mwambie neno lile lile, kisha simama kimya usubiri. Akimaliza msifu hapo hapo. Akikosea ndani usipige, usipige kelele, safisha tu. Jioni maji yaondolewe mapema. Alale kwenye katoni nyembamba, maana mbwa hapendi kuchafua anapolala. Kila siku hivyo hivyo, hata mvua ikinyesha, hata ukichoka.

Pam asaidie. Kazi itamtoa macho kwenye ukuta.

Mkweo,
Ochanda


Nyacheki
23 Juni 2024

Mkwe wangu Ochanda,

Mungu ametuamsha. Goti linaniuma nikishuka mtoni, nikipanda linanyamaza. Pole kwa jua la huko. Syprose alipokea barua yako pamoja na mizigo yake ya omena, akaniletea sokoni ikinuka samaki. Nimeisoma nikiwa nimegeuza uso kama ulivyosema, mpaka shingo ikauma.

Mgeni wako alifika. Mokua alifungua katoni mlangoni na yule mnyama akatoka akajikwaa kwenye kizingiti akaanguka kwa pua. Pam alicheka. Ochanda, nilikuwa nimeshika ungo, niliuweka chini. Sikuwa nimesikia sauti hiyo tangu Desemba.

Amemwita Chumvi, kwa sababu ya kazi yako. Analala kwenye katoni sebuleni, na Pam kwenye mkeka kando yake, mkono wake ukiwa ndani ya katoni. Analala, Ochanda. Anakoroma kama mzee.

Na hayo mengine tunafanya. Mlango wa nyuma, kwenye nyasi za ng'ombe, neno letu ni "Haya." Pam anasimama naye hata kwenye mvua, ameshika mwavuli juu ya mbwa na yeye mwenyewe analowa. Majuma haya Chumvi amejifunza kuliko nilivyodhani. Jumapili mpaka Ijumaa sakafu ni kavu.

Lakini Sabato, Jumamosi alfajiri, nakuta maji sebuleni. Wiki iliyopita na hii tena. Siku nyingine zote hapana, Sabato tu! Kama mtu anayenitafuta ugomvi na Mungu. Unajua nyumba yangu ndimo wanawake wanamokusanyika kabla ya kwenda kanisani. Syprose alipoona akasema, "Mama Persis, umepata mshiriki ambaye hajabatizwa lakini anabatiza sakafu." Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nilimshika Chumvi nikamsugua pua pale pale, kama tulivyoona wazazi wetu wakifanya. Pam alilia kana kwamba nimemsugua yeye.

Nitamvumilia mbwa huyu kwa ajili ya usingizi wa mtoto. Lakini sitamvumilia milele. Nyumba ya maombi haiwezi kunuka hivyo. Akiendelea, ataenda kwa mtu mwingine.

Mama yako mkwe,
Persis


Marereni
7 Julai 2024

Mama Persis,

Salamu zangu zikukute umekaa, si umeinama kwenye majani chai. Mimi ni mzima isipokuwa miguu. Maji ya chumvi yanaingia kwenye nyufa za kisigino na ukivua buti jioni ngozi inabaki ndani. Usimwambie Pam.

Barua yako niliisoma kwenye foleni ya maji nikacheka peke yangu, watu wakaniangalia. Anakoroma! Mama yake pia alikoroma, ila alikataa mpaka mwisho.

Mama, usimsugue pua. Nakuomba. Mbwa haelewi kosa la saa iliyopita. Anaelewa tu kwamba bibi ana mkono mkali, na siku nyingine atajificha nyuma ya kabati kufanya yale yale. Safisha kwa maji na ndimu ili harufu iishe, kisha endelea kama hakuna kilichotokea.

Lakini hili la Sabato linanisumbua. Mbwa hajui kalenda. Kukiwa na siku moja tu ya makosa, kuna kitu kinafanyika siku hiyo ambacho hakifanyiki siku nyingine. Niandikie Ijumaa yako yote, tangu asubuhi. Usiache kitu.

Mkweo,
Ochanda


Nyacheki
21 Julai 2024

Mkwe wangu,

Pole kwa miguu. Paka mafuta ya ng'ombe, ukiyapata.

Unataka Ijumaa yangu. Ijumaa ni siku ya maandalizi, kama ilivyokuwa kwa mama yangu. Nachuma majani chai mapema, nayapeleka kituoni, narudi. Nafua. Napika chakula cha Sabato. Mchana natoa vitu vyote nje na kupaka sakafu: samadi mbichi ya ng'ombe, udongo na maji kidogo, kwa mkono, kutoka ukutani mpaka mlangoni. Jua likielekea kuzama wanawake wanakuja, tunaifungua Sabato kwa nyimbo na sala, wanaondoka. Tunalala. Ndiyo Ijumaa. Umeona mbwa wapi hapo?

Na amefanya tena, mara mbili. Nilitumia ndimu. Nilinyamaza. Pam anaamka kabla yangu siku hizo, namkuta amesimama amemkumbatia mbwa, ananiambia, "Bibi, usimpige, ni mdogo." Mtoto amekonda kwa hofu kwamba nitamtoa.

Na mimi nimechoka, Ochanda. Nina umri wa kulea mjukuu, sio wa kulea mjukuu na mnyama. Nyamoita ndiye aliyekuwa akinipakia sakafu hii Ijumaa, hata alipoanza kuugua. Alikuwa anachora kwa vidole, mistari kama mawimbi. Sasa napaka mwenyewe na goti hili, na asubuhi yake nakuta maji juu ya kazi yangu.

Mama yako mkwe,
Persis


Marereni
28 Julai 2024

Mama,

Habari za siku. Sitazunguka, maana nikizunguka nitaogopa na nitaacha.

Ni sakafu. Chumvi alizaliwa kwenye zizi la ndama kule kwa Mokua. Tangu afungue macho, mahali penye harufu ya samadi ndipo alipofanyia haja. Hata wewe unampeleka kwenye nyasi za ng'ombe, ambako unamwaga samadi. Sasa kila Ijumaa unaleta harufu ile ile ndani ya nyumba, na wiki nzima inapungua, na Ijumaa inarudi. Kwake sebule ya Ijumaa ni choo. Nimefanya kazi na ng'ombe na mbwa miaka mingi, hili nalijua.

Usipake Ijumaa mbili. Uone.

Najua ninachosema. Mkwe wa kiume hana ruhusa ya kumwambia mama wa mke wake jinsi ya kuweka nyumba yake, na sakafu ni zaidi ya nyumba. Wenzangu hapa niliowauliza, mmoja alisema, "Ochanda, ukituma barua hiyo usirudi huko mpaka azeeke asahau." Nimeituma. Ni kwa ajili ya Pam. Akiondoka yule mbwa, macho yatafunguka tena usiku.

Nisamehe.

Mkweo,
Ochanda


Nyacheki
8 Septemba 2024

Ochanda,

Tuko hai.

Niliikunja barua yako nikaiweka, nikaapa sitaifuata. Halafu nikaifuata. Ijumaa mbili sikupaka. Sakafu ilipasuka, vumbi likapanda kwenye vikombe. Kwetu nyumba isiyopakwa ni nyumba ambayo mwanamke wake amekufa, na ndivyo wanawake walivyoitazama. Mke wa mzee wa kanisa aliniuliza kama naumwa. Nimwambie nini? Kwamba mkwe wangu ameniandikia kuhusu samadi?

Na Sabato zote mbili maji yalikuwepo. Ile ya pili mke wa mzee wa kanisa alivua viatu mlangoni kwa adabu, akakanyaga kwa soksi zake za Sabato. Aliketi, akavua soksi, akaziviringa, akaziweka kwenye mkoba. Ningependa angepiga kelele.

Leo nimempeleka Chumvi kwa Ogola, mlinzi wa kituo cha majani chai. Amemfunga kwenye nguzo ya banda. Pam hakulia. Alinisindikiza mpaka njia panda akiwa amebeba katoni, akanipa, akarudi peke yake.

Sasa napaka sakafu yangu. Usiniandikie tena juu yake.

Persis


Marereni
22 Septemba 2024

Mama,

Salamu. Nakubali, nilikosea. Nilikuwa na uhakika na uhakika wangu haukuwa na maana. Sitagusa tena habari ya sakafu.

Niambie tu: Pam analala?

Ochanda


Marereni
6 Oktoba 2024

Mama mkwe,

Salamu tena. Hujajibu. Nilimuuliza Syprose kwa ujumbe, akaniambia, "Muulize mama yako mwenyewe, mimi nauza omena." Akisema hivyo, ujue kuna jambo.

Hata neno moja litanitosha. Analala au halali?

Ochanda


Nyacheki
13 Oktoba 2024

Mwanangu Ochanda,

Nakusalimu kwa uzito. Pam ni mzima wa mwili. Keti chini kabla hujaendelea kusoma.

Baada ya Chumvi kuondoka, Pam alirudi kukesha. Ijumaa iliyofuata wanawake walikuja, tukaimba, wakaenda. Alfajiri niliamka mapema kwa sababu ya goti. Nikamkuta sebuleni amepiga magoti, anafuta sakafu kwa sweta yake ya shule. Mkeka ulikuwa umegeuzwa. Gauni lilikuwa limelowa mpaka kiunoni. Alinitazama akasema, "Ni Chumvi, Bibi. Alirudi usiku, akakojoa, akaenda."

Nilikuwa nimeshika fimbo ya kutembelea, nikaiweka mbali asiione. Nikaketi kwenye ule unyevu pamoja naye. Hakukuwa na mbwa ndani ya nyumba, Ochanda. Na labda hata alipokuwepo, hakukuwa na mbwa.

Nilimvua, nikamwosha, nikamfunga kanga yangu. Sikumuuliza. Siku ya tatu, tukichuma chai, aliniambia mwenyewe, akiwa upande wa pili wa mstari, bila kunitazama. Alisema, "Mkiimba Ijumaa nadhani kuna mtu amekufa tena. Halafu nikilala naota mko bado mnaimba, na siwezi kuamka." Ni nyimbo zile zile. Ni wanawake wale wale, sebule ile ile. Usiku wote tuliokesha na mwili wa mama yake tuliziimba hizo hizo, na yeye alikuwa amelala kwenye mkeka ule ule katikati ya miguu yetu. Mimi naimba nikipata faraja, na mtoto chini yangu anazama.

Alikuwa akiamka kabla yangu, anafuta anachoweza, anambeba mbwa anamweka pale penye maji. Halafu ananiomba nisimpige. Aliniomba kila mara, na mimi nilidhani anamwombea mbwa.

Nimewaambia wanawake tufungulie Sabato nyumbani kwa Syprose. Waliuliza kwa nini, nikasema goti. Ijumaa naketi na Pam, tunakoboa mahindi, hakuna wimbo. Namtoa nje kabla ya kulala, mlango ule ule. Sabato nne zimepita akiwa mkavu.

Sasa lililobaki. Jumapili baada ya Pam kuniambia nilienda kituoni kumchukua Chumvi. Nguzo ilikuwepo na kamba ilikuwepo. Ogola alikuja akifuta mikono. Akaniambia, "Mama, mbwa gani ulinipa, amesomeshwa wapi? Nilimfunga hapa, akashinda analia. Nikadhani ni njaa. Kumbe anaomba ruhusa! Nikimfungua anakimbia kule kwenye majani, anamaliza, anarudi mwenyewe kukaa penye kamba." Lakini Chumvi alikufa Jumanne. Aliharisha damu, ule ugonjwa unaomaliza watoto wa mbwa, na kwa wiki hiyo ulikuwa umemaliza wengine pale sokoni. Ogola alisema hata siku ya mwisho, akiwa hawezi kusimama, alijikokota kwa kifua kuelekea majani. Hakufika.

Amemzika nyuma ya banda. Nilimshukuru nikarudi nyumbani na kamba mkononi, kisha nikaitupa kabla ya njia panda.

Pam hajui. Anaamini kwamba nilimtoa Chumvi kwa sababu ya maji, kwa hiyo maji yakiisha atarudi. Anahesabu. Jana amenionyesha mkeka, akanishika mkono niuguse ulivyo mkavu, akaniuliza, "Bado ngapi, Bibi?"

Nilisema, "Kidogo." Mimi, mwalimu wa Shule ya Sabato.

Syprose anasema nitafute mbwa mwingine mwenye rangi ile. Wewe ndiye uliyemleta. Niambie maneno ya kumwambia mtoto huyu, maana mimi nimeyatafuta sikuyapata.

Mama yako,
Persis


Marereni
20 Oktoba 2024

Mama,

Nimeipata barua yako. Sijalala vizuri, lakini ni mzima. Nawe pole. Pole sana.

Niliomba ruhusa ya kuja. Msimamizi alisema jua ni kali, chumvi inavunwa sasa, anayeondoka asirudi. Nikirudi nyumbani bila kazi sitakuwa na cha kumlisha Pam. Kwa hiyo siji, na kazi hii itakuangukia wewe. Nimeona nikuambie hivyo bila kukupamba.

Usitafute mbwa mwingine. Atamjua kwa dakika moja, na hapo hatatuamini tena hata tukimwambia kumekucha.

Mwambie ukweli. Usimwambie Ijumaa. Mwambie asubuhi ya Jumapili, jua likiwa limetoka, mkiwa mnafanya kazi ya mikono, maana ndivyo yeye alivyokuambia wewe. Mwambie Chumvi alikufa kwa ugonjwa. Mwambie kwamba hata angebaki nyumbani huenda ungempata huko pia, na sijui kama ni kweli, lakini si uongo. Mwambie hakufukuzwa kwa kosa lake Pam, alifukuzwa kwa kosa letu sisi wakubwa, mimi na wewe, tulioangalia sakafu. Halafu usimwambie anyamaze.

Na usiku huo atakojoa, Mama. Nakuandikia neno hilo lilivyo. Atakojoa, na kesho yake pia, na labda mpaka Krismasi. Sabato zile kavu zitapotea zote. Nataka ulijue mapema ili likija usione kama ni mwisho, na uso wako usibadilike akiwa anautazama. Mwoshe. Anika mkeka. Usiseme kitu. Jioni mtoe nje kama kawaida, na usimame naye mpaka amalize.

Mwanao,
Ochanda